Uzamivu wa Kemia Ng'ambo: Njia ya Mwombaji Aanzaye Kaloleni

Shahada ya uzamivu katika kemia ni mafunzo ya kazi ya kugundua. Aipataye si mtu aliyejaza kichwani maarifa yaliyokwisha kuandikwa vitabuni tu. Ni mtu aliyekaa maabarani miaka 3, 4, pengine hata 6, akauliza swali ambalo hajapata kulijibu mtu mwingine, kisha akatoa jibu lililokaguliwa na wataalamu na kukubaliwa. Kwa sababu hiyo vyuo vikuu vingi vya ng'ambo havimhesabu mwanafunzi wa uzamivu wa kemia kuwa mnunuzi wa elimu. Humhesabu kuwa mwanagenzi mwenye kazi ya kufanya, naye hulipiwa ada na kupewa posho au mshahara wa kumkimu.

Jambo hili halijulikani vya kutosha. Mhitimu wa shahada ya kwanza ya kemia aishiye Kaloleni, kata iliyo katikati ya Jiji la Arusha, aweza kufundisha sekondari miaka mingi akidhani kwamba uzamivu wa ng'ambo ni bahati ya wenye fedha, au ya wenye jamaa serikalini. Mwingine hutuma maombi mamia, hapati jibu hata moja, akakata tamaa. Aghalabu kilichowaangusha wote wawili si uchache wa akili, bali ni kutojua namna maombi hayo yanavyopimwa. Mwombaji huhitaji vitu vinne: swali, mlango unaolingana na swali hilo, ushahidi kwamba aweza kulifanyia kazi, na wakati wa kutosha. Makala haya yanaeleza kimoja baada ya kingine.

Swali lililo majini

Swali zuri la utafiti halitafutwi mbali. Kwa mtu wa Arusha liko katika maji ya kunywa.

Mlima Meru, wenye kimo cha meta 4,566 kutoka usawa wa bahari, ni volkano. Miamba na majivu yake yana madini yenye floraidi nyingi. Maji ya mvua yapitapo humo huyayeyusha madini hayo polepole, yakashuka nayo hadi kwenye chemchemi, visima na mito ya pande za Arusha na Arumeru. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, meno ya mtoto yanayoendelea kukua huingia madoa ya kahawia. Na ikizidi mno kwa miaka mingi, mifupa huharibika na viungo hukakamaa. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa kuwa yalikuwapo maeneo ambayo wananchi hawakuwa na maji mengine. Mtu anywaye lita 2 kwa siku hupata miligramu 3 kwa kipimo cha kwanza, na miligramu 16 kwa kipimo cha pili. Tangu hapo viwango vya nchi vimekazwa, lakini miamba ya mlima haikubadilika.

Kwa nini floraidi hii isitulie chini, ikaganda na kuyaacha maji safi? Jibu ni la kikemia. Floraidi ikikutana na kalisi hufanya chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi: katika maji matupu, lita moja huyeyusha takribani miligramu 16 tu za chumvi hiyo. Lakini maji mengi ya nchi ya Meru yana bikaboneti ya sodiamu kwa wingi na kalisi kidogo. Kalisi ndogo iliyomo hushikwa na kaboneti, nayo floraidi hubaki bila mwenzi wa kuganda naye. Hii ndiyo sababu magadi, ambayo watu wa kaskazini hutia katika maharage na makande ili yaive upesi, nayo yaweza kumwongezea mlaji floraidi.

Njia za kuiondoa zinajulikana, na baadhi yake zimejaribiwa papa hapa. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kilichoko Ngurdoto, chini ya wizara yenye dhamana ya maji, kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika hewa haba kwa joto la kadiri ya nyuzi 500 za Selsiasi, kisha husagwa na kutiwa katika chujio. Madini ya mfupa yana ioni za haidroksidi ambazo huachia nafasi zao kwa floraidi. Joto likipungua, maji hunuka na kubadilika rangi. Likizidi, mkaa hupoteza nguvu zake za kushika floraidi. Wahindi nao walibuni njia ya kutumia shabu na chokaa, iliyopewa jina la Nalgonda kwa kufuata mahali ilipoanzia.

Hata hivyo maswali yaliyobaki ni mengi. Mama wa nyumbani atajuaje siku ambayo chujio lake limeshiba, maadamu floraidi haina rangi wala ladha katika kipimo hicho? Mkaa uliochoka waweza kuhuishwa mara ngapi kabla haujavunjika? Taka yake itupwe wapi bila kuirudisha floraidi ardhini? Je, iko dutu nyingine, ya bei nafuu, kwa wale wasiopenda maji yaliyopita katika mifupa ya mnyama wasiyemjua? Kila moja ya maswali haya laweza kuwa tasnifu ya uzamivu. Na mtu aliyekulia mahali ambapo maji haya yananyweka hulijua tatizo kwa namna ambayo msomaji wa majarida aliyeko Stockholm au Chicago hawezi kulijua.

Floraidi ni mfano tu. Mwingine aweza kuwa na swali juu ya dawa zilizomo katika mimea ya misitu ya Usambara, juu ya mafuta ya maganda ya korosho ya Mtwara, au juu ya mabaki ya viuatilifu katika mboga. Lililo muhimu ni kwamba swali liwe lake, na liwe ni swali ambalo kemia yaweza kulijibu.

Milango mitatu ya ng'ambo

Kosa kubwa la waombaji wengi ni kudhani kwamba vyuo vyote vya ng'ambo hupokea wanafunzi kwa utaratibu mmoja. La hasha. Kwa kemia, ipo mipango mitatu mikuu, na kila mmoja una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ni wa Marekani. Huko mwombaji hapeleki maombi kwa profesa mmoja bali kwa idara, na kamati ya walimu ndiyo ichaguayo. Mwanafunzi husoma kozi katika mwaka wa kwanza, na aghalabu huchagua msimamizi wake baada ya kufika. Ada hulipwa na idara, naye hupewa posho kwa kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza maabarani au kwa kusaidia utafiti. Masomo huchukua miaka 5 au zaidi. Idara nyingi hupokea watu wenye shahada ya kwanza tu. Lakini hapa mwombaji wa Tanzania hukutana na kikwazo: shahada yake ya sayansi ni ya miaka 3, ilhali ya Marekani ni ya miaka 4. Yafaa aeleze hesabu waziwazi. Aliyesoma miaka 7 ya msingi, 6 ya sekondari na 3 ya chuo kikuu amesoma miaka 16, sawa na Mmarekani aliyesoma 12 na 4. Baadhi ya vyuo hukubali hoja hiyo. Vingine hudai shahada ya uzamili. Ni lazima kuuliza kabla ya kulipa ada ya maombi.

Mlango wa pili ni wa Ujerumani, Uholanzi na nchi za Skandinavia. Huko uzamivu ni kazi. Nafasi hutangazwa kama zitangazwavyo kazi nyingine, ikiwa na mada, msimamizi na tarehe ya mwisho, na anayechaguliwa hutia sahihi mkataba. Katika Sweden masomo hayo hupangwa kwa miaka 4, na mwanafunzi hatozwi ada. Katika vyuo vya umma vya Ujerumani mtahiniwa wa uzamivu kwa kawaida halipi ada ya masomo, na katika kemia mara nyingi hulipwa sehemu ya mshahara wa mtafiti kamili. Shahada ya uzamili huhitajika karibu kila mahali. Mwenye kutuma maombi ya jumla kwa idara ya Ujerumani, kana kwamba anaomba Marekani, hupoteza mwaka wake; huko neno la profesa ndilo lenye uzito.

Mlango wa tatu ni wa Uingereza. Uzamivu huchukua miaka 3 hadi 4, na chuo chaweza kumkubali mwombaji bila kumpa fedha hata kidogo. Kukubaliwa na kufadhiliwa ni mambo mawili, na ada ya mwanafunzi wa kigeni katika masomo ya maabara ni kubwa. Kwa hiyo mwombaji hutafuta ufadhili sambamba na nafasi. Mmoja wa siku nyingi ni ule wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 1959, ambao kwa Tanzania huwa na njia ya uteuzi kupitia wizara yenye dhamana ya elimu.

Njia ya kwenda na kurudi

Liko pia jambo la nne, ambalo si la ng'ambo kabisa wala si la nyumbani kabisa. Ni uzamivu wa kupokezana: mwanafunzi huandikishwa katika chuo cha nchi yake au ya jirani, hufanya sehemu ya kazi huko, na huenda ng'ambo kwa vipindi ili kutumia vyombo ambavyo kwao havipo.

Mpango wa Kimataifa wa Sayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ulianza mwaka 1961 kwa fizikia, ukaongeza kemia mwaka 1970, na umewafundisha wanakemia wengi wa Afrika kwa utaratibu huo. Mtandao wa utafiti wa kemia ya mimea na viumbe wa Afrika Mashariki na Kati, NAPRECA, ulioanzishwa mwaka 1984, umeunganisha maabara za Addis Ababa, Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko, na kwa miaka mingi umeshirikiana na shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, DAAD, katika kutoa nafasi za masomo. Jumuiya ya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, OWSD, yenye makao yake Trieste, Italia, hutoa ufadhili wa uzamivu kwa wanawake wa nchi zilizo nyuma katika sayansi, Tanzania ikiwamo, ili wasome katika nchi nyingine inayoendelea.

Tena, kwa mtu wa Kaloleni, mlango mmoja uko karibu mno. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru kando ya barabara ya Moshi, ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Hufundisha uzamili na uzamivu, na maji na mazingira ni miongoni mwa mada zake kuu. Wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika huvuka mipaka kuja kusoma hapo. Kwao, Arusha ndiyo ng'ambo. Mwenyeji aliyefanya uzamili wake Tengeru, akapima maji ya Meru na kuandika matokeo, amejijengea msingi ambao mlango wowote wa Ulaya utauheshimu.

Ushahidi wa vyeti

Baada ya kuchagua mlango, mwombaji hukusanya ushahidi. Wa kwanza ni hati ya matokeo ya chuo kikuu. Katika vyuo vingi vya Tanzania wastani wa alama huhesabiwa kwa kipimo cha 5, ambapo 4.4 na zaidi ni daraja la kwanza, na 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Kamati za Marekani zimezoea kipimo cha 4. Mtu mwenye 3.8 asiyeeleza kipimo chake aweza kudhaniwa kuwa ana alama karibu kamili, na baadaye kushukiwa udanganyifu. Au mwenye 4.1 akaonekana ameandika jambo lisilowezekana. Dawa yake ni nyepesi: aandike wastani wake kama ulivyo, pamoja na kipimo, daraja, na maelezo yaliyochapwa nyuma ya hati. Asiubadilishe mwenyewe kwa hesabu za kubuni, ila pale fomu inapodai hivyo na kutoa kanuni.

Pili ni lugha. Vyuo vingi hudai mtihani wa Kiingereza, lakini baadhi humsamehe mwombaji aliyesomea chuo kinachofundisha kwa Kiingereza, akileta barua ya msajili. Kwa kuwa mtihani huo ni ghali, kuuliza kwanza ni akiba. Ama mtihani maalumu wa kemia uliokuwa ukidaiwa na idara za Marekani, ulifutwa mwaka 2023. Mtu asiuze kitu chake kununua vitabu vya kujiandaa nao. Mtihani wa jumla wa kujiunga na masomo ya juu, nao, idara nyingi za kemia zimeacha kuudai.

Tatu ni barua za mapendekezo, ambazo kwa kawaida ni 2 au 3. Barua isemayo kwamba kijana ni mpole, ana nidhamu na huhudhuria vipindi haimsaidii. Kamati hutaka kujua alifanya nini maabarani jaribio lilipogoma. Kwa hiyo mwombaji amwendee mwalimu aliyemsimamia katika mradi wa mwaka wa mwisho, hata kama cheo chake ni kidogo, kuliko kumwendea mkuu wa kitivo asiyemjua. Ampe miezi 2 kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na muhtasari wa mradi, hati ya matokeo na orodha ya vyuo. Barua hupelekwa na mwalimu mwenyewe, naye afadhali atumie anwani ya barua pepe ya chuo chake, maana anwani ya binafsi huzua mashaka.

Barua mbili

Katika mlango wa Ulaya, barua ya kwanza kwa profesa ndiyo mtihani wa kweli. Fikiria barua mbili za mfano.

Ya kwanza yasema: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni kijana mwenye bidii kutoka Tanzania. Tangu utoto napenda sana kemia. Nakuomba unifadhili nisome uzamivu katika chuo chako maarufu." Barua hii imetumwa kwa maprofesa 80 siku hiyo hiyo, na kila mmoja wao huitambua kwa mstari wa kwanza.

Ya pili yasema: "Katika mradi wangu nilipima floraidi ya maji ya visima vya Arumeru kwa elektrodi maalumu. Nilipoipima elektrodi hiyo kwa miyeyusho ninayoijua, ilionyesha badiliko la milivolti 57 kwa kila badiliko la mara 10 la kiasi cha floraidi. Matokeo ya visima 3 yalitofautiana siku hadi siku, nami nadhani alumini iliishika sehemu ya floraidi. Nimesoma makala yako juu ya madini ya mfupa, na ningependa kujua kama njia uliyoitumia yaweza kuonyesha ni lini mkaa umeshiba. Je, una nafasi ya uzamivu mwaka ujao, au wajua ufadhili ninaoweza kuuomba pamoja nawe?"

Mwanakemia asomapo barua ya pili huona mambo mengi katika mistari michache. Elektrodi ya floraidi, iliyobuniwa mwaka 1966 kwa kutumia fuwele ya floraidi ya lanthanamu, kwa nadharia hubadilika takribani milivolti 59 kwa kila mara 10 katika nyuzi 25 za Selsiasi. Mtu aliyeandika 57 ametumia chombo kwa mkono wake, na hakuogopa kutaja tarakimu isiyo kamili. Aliyeitaja alumini anajua kwamba kipimo chaweza kudanganya, na kwamba yafaa kutia katika sampuli mchanganyiko wa kutuliza uchachu na kuifungua floraidi iliyoshikwa. Barua hiyo haikuomba huruma. Imeonyesha kazi.

Mwenye shahada ya kwanza bila mradi wa namna hiyo afanyeje? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Arusha haikosi maabara: ziko za mamlaka ya maji, za Tengeru, na zile za Ngaramtoni za iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, ambayo sasa imo katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Miezi 6 ya kujitolea kuosha vyombo, kuandaa miyeyusho na kuandika vipimo katika daftari lenye tarehe, mtu akikubaliwa kufanya hivyo, humpa mwombaji ushahidi wenye uzito kuliko cheti cha semina.

Profesa asipojibu kwa wiki 2 au 3, yafaa kumkumbusha mara moja kwa adabu, kisha kuendelea na mwingine. Barua 10 zilizoandikwa kwa kusoma kazi za wale wanaoandikiwa hushinda 200 zilizonakiliwa.

Kalenda ya maombi

Wakati ndio huwaangusha hata walio hodari. Kwa Marekani, masomo huanza Agosti, lakini maombi hufungwa kati ya Desemba na mwanzo wa Januari. Majibu hutoka Februari na Machi, na kwa desturi ya vyuo vingi mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili ana hadi tarehe 15 Aprili kuamua. Hesabu hiyo yaonyesha kwamba kazi huanza mwaka mmoja na nusu kabla ya safari. Machi na Aprili ni za kusoma kazi za idara na kuchagua vyuo 6 au 8. Juni hadi Agosti ni za kupata hati za matokeo, paspoti na mtihani wa lugha. Septemba ni ya kuandika maelezo ya nia, na Oktoba ya kuwaomba walimu barua. Nafasi za Ujerumani na Sweden hutangazwa mwaka mzima, hivyo huhitaji nyaraka ziwe tayari wakati wote.

Ada ya maombi nayo hupangwa. Vyuo vingi vya Marekani hutoza ada kwa kila ombi, lakini baadhi huiondoa kwa mwombaji aelezaye hali yake kabla ya kulipa. Ajihadhari na mtu yeyote adaiye fedha ili "kumhakikishia" nafasi. Ada halali hulipwa kwa chuo chenyewe, na hakuna wakala aliye na kura katika kamati ya idara ya kemia.

Vibali vya mkemia

Mwanafunzi wa kemia hukutana na vibali ambavyo mwenzake wa fasihi havijui. Uingereza humtaka mtafiti wa kigeni katika masomo kadhaa ya sayansi, kemia ikiwamo, apate kibali cha usalama kiitwacho ATAS kabla ya kuomba viza, kwa kuwa baadhi ya maarifa yake yaweza kutumika kutengeneza silaha. Raia wa nchi chache husamehewa, Mtanzania hayumo. Kibali hakilipiwi, lakini huchukua wiki kadhaa, na huhitaji maelezo mafupi ya mada ya utafiti yaliyokubaliwa na msimamizi. Kwa Ujerumani, mwenye mkataba wa kazi wenye malipo ya kutosha huuonyesha mkataba huo mahali pa akiba ya benki.

Kwa Marekani, mwanafunzi hupokea hati ya chuo, hulipa dola 350 za mfumo wa usajili wa wanafunzi wa kigeni, kisha huomba viza. Lakini mnamo Desemba 2025 tangazo la Rais wa Marekani liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanawekewa vizuizi vya viza, zikiwamo za wanafunzi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Amri za namna hiyo hutolewa na kuondolewa. Kwa hiyo mwombaji mwenye busara hachungulii mlango mmoja. Hugawa maombi yake kati ya nchi mbili au tatu, na kabla ya kulipa ada yoyote huangalia taarifa ya ubalozi unaohusika.

Kazi itakayorudi

Limebaki swali ambalo fomu haziliulizi: uzamivu huo utafanya kazi wapi baada ya kwisha? Mwanafunzi aliyejifunza kutumia chombo cha mamilioni ya dola peke yake, juu ya mada isiyo na uhusiano na nchi yake, hupata taabu kurudi hata kama anatamani. Aliyejipangia tangu mwanzo sura moja ya tasnifu ifanyike kwa vifaa vinavyopatikana Ngurdoto au Tengeru hurudi akiwa na maabara inayomngoja na wenzake wanaomjua. Msimamizi wa kigeni atakayekuja kuchukua vipimo nchini huhitaji kibali cha utafiti cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986. Mwanafunzi aujuaye utaratibu huo mapema huwa kiungo chenye thamani kati ya maabara mbili.

Mpango wa namna hiyo huyaimarisha maombi yenyewe. Kamati huona kwamba mwombaji hakuja kutafuta pa kuishi tu, bali ana kazi iliyoanza kabla yake na itakayoendelea baada yake. Watoto wa Meru wataendelea kuota meno kila mwaka, na maji yataendelea kupita katika majivu ya mlima. Mkemia atakayewawezesha mama zao kujua, kwa kipimo rahisi cha nyumbani, kwamba chujio la leo bado ni zima, atakuwa ameulipa uzamivu wake, popote alipousomea.